Simachini Huvutwa Mwisho

Tangu mkewe atolewe kwa mlango wa mbele ndani ya jeneza, miezi minne sasa, Mzee Filimbi hakaliki. Akikaa, anainuka. Akilala, anaamka kutazama kama bomba la uani limefungwa. Limefungwa. Anarudi kitandani, anakumbuka dirisha.

"Baba," binti yake alimwambia, "umekuwa kiguu na njia ndani ya nyumba ya vyumba viwili."

Aliinuka kwenda kutazama bomba. Maneno yake siku zote yalikuwa ya kuhesabu. Aliyekuwa akiyajazia ndiye aliyeondoka.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye treni ya abiria, ile ya asubuhi na jioni. Alipuliza filimbi, akafunga milango, akaita vituo. Hakusoma. Vibao vya stesheni kwake vilikuwa mbao zilizopakwa rangi tu. Majina aliyachukua midomoni mwa watu, yangali ya moto, akawarudishia vilevile. Kibao kikisema Daraja Mbili, yeye aliita "Daramili!" Kiwanda cha Matofali ilikuwa "Chamatofali!" Na Kisima cha Chini, kituo cha nyumbani kwake, aliita "Simachini," akivuta mwisho mpaka pumzi imwishie.

Hilo la mwisho lilikuwa na sababu yake. Jiko lao liligusana na reli. Mkewe akisikia ule mvuto, aligonga mfuniko wa sufuria mara mbili: maji yako motoni, njoo. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Nyingine mbele za watu hawakuwa nayo.

Amestaafu mwaka wa tisa huu. Sasa zimekuja treni mpya, zinatangaza vituo zenyewe. Sauti ni ya dada mmoja, tamu kama asali, aliyesoma vibao neno kwa neno. Abiria kwanza walicheka. Kisha wakaanza kupitilizwa. Mtu amesinzia, anasikia jina asilolijua, anaendelea kusinzia. Malalamiko yakajaa ofisini mpaka mkubwa mmoja akasema, mtafuteni yule mzee wa filimbi.

Ndipo Mzee akajikuta katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimevikwa sponji.

"Hapa analala nani?" aliuliza.

Fundi mitambo akacheka. "Halali mtu, mzee wangu. Ni ya kuzuia kelele. Keti hapa. Kila jina sekunde mbili. Kesho alfajiri tunayaingiza kwenye treni. Litakalokosekana, tutabaki na la dada."

Dada msomaji mwenyewe alikuwa pembeni na daftari, amekuja kujifunza.

"Niite nimekaa?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo."

"Treni haiitiwi kwa kukaa."

Fundi akapandisha kinasa sauti. Mzee akasimama, akaanza. Daramili. Chamatofali. Majina saba yakatoka kama aliyoyaacha jana.

"Loo!" dada alisema. "Miaka kumi na sita ya shule, na Chamatofali ilinishinda."

"Shule haina kosa. Hujawahi kushuka pale."

Likaja la nane. Hili hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi. Akiulizwa anakokaa, alielekeza kwa kidevu.

"Sima..."

Likakatika hapo. Akanywa maji, akajaribu, likakatika tena. Akatoka. Kwenye korido alihesabu milango: kumi na mmoja. Akarudi, akatoka tena. Binti yake, aliyemsindikiza, alikuwa kwenye benchi na chupa ya chai na kikombe cha bati.

"Baba, vipi?"

"Linakataa."

"Basi mwache dada alisome."

"Alisome! Akilisoma si pale tena."

Akaingia kwa hasira, akalisema upesi, kavu: "Simachini."

"Safi!" alisema fundi. "Sekunde moja na nusu."

"Siyo hiyo. Inavutwa."

"Mzee wangu, kuvuta ni mbwembwe zako. Tunataka wanavyosema wenyeji."

Fundi alikuwa na haki. Mzee alipoanza kazi hakuna aliyevuta. Alivuta yeye, kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja, na masikio hayo sasa yalikuwa chini ya udongo. Mkono wake ukatafuta kofia.

Binti alikuwa amemfuata, yuko mlangoni na chupa na kikombe chake. "Si mumpigie simu mtu wa kule?"

"Shangazi yangu alihamia kule mwaka juzi," dada alisema, akapiga, akafungua spika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umenikumbuka! Si wewe ndiye unayetupotosha kwenye treni, mdomo kama wa mgeni?"

"Nisamehe, shangazi. Uko wapi saa hizi?"

"Niko wapi tena mimi! Niko hapa Simachiniii."

"Mbona unavuta?"

"Navuta nini? Ndivyo panavyoitwa. Nilivyopakuta ndivyo ninavyosema, hata vitoto vya chekechea vinasema hivyohivyo. Umepiga kunipima ulimi?"

Dada akakata simu akicheka. Fundi akakuna kichwa. Mzee alikuwa ameketi, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mwanamke ambaye hakuwahi kupanda treni yake. Vitoto vya chekechea. Alikaa hivyo kidogo tu, kisha kiti kikamkataa.

"Washa," alisema.

Akapanua kifua. "Simachiniiii!"

Akavuta mpaka pumzi ikamwishia, na kwa mazoea akageuza sikio kuelekea ukutani, akangoja. Sponji haikujibu kitu. Binti yake alimwona akingoja. Yeye alikulia katika jiko lile. Akainua kikombe cha bati, akakigonga kwenye chupa mara mbili.

Fundi akavua visikilizio masikioni. "Nani kagonga? Imeingia kama mfuniko vile. Turudie, mzee wangu."

"Sirudii."

"Lakini inasikika!"

"Ndiyo. Kituo chenyewe kiko hivyo."

Fundi akamtazama dada, dada akamtazama binti. Mzee alikuwa tayari nje kwenye korido, kofia kichwani, anamuuliza mfagizi treni ya kwenda Simachini inaondoka saa ngapi.