Jamaa wa Nyumba ya Damu

Kila masika napita nyumba ya Kandathil kushona miavuli, na ndivyo nilivyomjua Sosamma, mjane wa nyumba ile. Kazi yake kugema utomvu wa miti ya mpira, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kozi ya wauguzi wasaidizi, hospitali ya masista. Mtihani wa mdomo ulishamwangusha mwaka uliotangulia. Sasa ilibaki nafasi moja tu, maana mwakani angepita umri wanaoutaka.

Kilichomshinda ni maneno ya kidaktari. Aliyameza mojamoja kama vidonge, na mbele ya masista yakampotea yote. Shemeji yake, Kuriyan, akamshauri arudi jikoni kwenye mchuzi wake wa samaki.

"Shemeji, ubongo wako umeshaota ukoko kama sufuria."

"Ukoko ndio mtamu," akamjibu, akaendelea kunoa kisu.

Siku moja alikuwa akinisomea kadi ya harusi: Kandathil Kuriyan, Kandathil Chacko, Kandathil Eliswa. Mara akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Akaniuliza kama sisi sote hatutanguliwi na jina la nyumba, ndipo letu wenyewe lifuate. Basi na maneno yale ya kidaktari je? Tangu hapo hemo, inayoanza maneno mengi yale, ikawa nyumba, nyumba ya damu. Hemoglobini ndiye mchukuzi, hubeba hewa ndani ya damu. Hemoraji ni mtoro, damu inayovuja. Hemofilia ni yule jamaa mwenye ugonjwa wa kurithi, damu yake haigandi upesi. Kila mti aliougema alimtaja mmoja, na Kuriyan akipita huuliza kwa kejeli kama jamaa hawajambo wote.

Siku ya mtihani, Sista Filomina akamwuliza maana ya hemostasia. Hakuwahi kuisikia. Alinisimulia baadaye kwamba alikumbuka mwaka jana alivyoduwaa mpaka akatolewa nje. Safari hii hakukubali.

"Huyo simjui, Sista. Nyumba yake naijua, ni ya damu. Jina lake mwenyewe ndilo silijui."

Sista akasema, "Jina lake ni stasia, yaani kusimama."

"Basi ni damu kusimama. Kidonda kimeacha kuvuja."

"Na wewe ni wa nyumba gani?"

"Kandathil."

Sista akaliandika.

Masika yaliyofuata nilimkuta Kuriyan ndiye yuko mitini, anachuna maganda ovyo ovyo, utomvu unamchirizika viganjani. Nikamwuliza Sosamma yuko wapi.

"Wodini," akasema, kanuna. "Kaniachia miti yote. Na jioni akirudi ataniuliza jamaa zake. Nikikosa mmoja, silambi samaki."