Padri Aliyekula Peke Yake

Juzi nilikuwa Makanyagio natafuta gari la kwenda kijijini kwetu Mamba, nikaiona kibandani kwa fundi redio: televisheni ya chogo, kubwa, imebebeshwa beseni la spea. Nikasimama. Fundi akaniambia, "Dada, hiyo haiwaki tena, labda ukafugie kuku." Nikacheka, kumbe machozi yananitoka. Ungekuwepo kwenye ukumbi wa parokia yetu enzi zile, rafiki yangu, wala usingeniuliza kwa nini.

Ya kwetu aliileta paroko, mzungu mzee aliyeongea Kiswahili kwa kukanyagakanyaga, pamoja na sanduku la kanda za video. Ulikuwa mchezo wa zamani wa huko kwao, hauna hata rangi, na kila kanda ilikuwa na padri wake. Mmoja kafungwa jela, mwingine kagombana na askofu, mwingine anapanda milima kumpaka mgonjwa mafuta. Jumapili baada ya misa akina mama waliziba madirisha kwa vitenge, jenereta likanguruma nyuma ya sakristia, ukumbi ukanuka dizeli na karanga za kuchemsha. Katekista alisimama na fimbo kando ya kioo akitutafsiria. Tulipoiona theluji tuliuliza nani kamwaga unga wote ule. Na tuliamini kila kitu, jamani. Padri ataletaje uongo kwenye nyumba ya kanisa?

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Hakukosa kanda hata moja, kigoda chake kilikuwa mbele kabisa. Alikuwa na sababu. Mjomba, mtoto wake wa kiume wa pekee, alikuwa shemasi tayari, na baada ya mavuno angepewa upadri. Bibi alitaka kuyaona maisha anayoyaendea mwanawe. "Nyie mnaangalia," alikuwa akituambia, "mimi nasoma."

Ikaja ile kanda. Padri mzee wa parokia ya milimani, kila jioni anaandaa meza, anakaa, anatazama kiti kitupu mbele yake. Hakuna anayekuja. Mwisho mleta maziwa anamkuta amekufa mezani, kijiko mkononi. Ukumbi mzima ulilia kilio cha msiba. Kesho yake bibi akambeba jogoo wake mwekundu mpaka kwa paroko, akaomba misa ya marehemu yule. Paroko alimtazama sana, akampokea jogoo, na Jumapili iliyofuata tukamwombea.

Ujue kwetu kula peke yako si jambo dogo. Wanaume walikula uani pamoja, kila nyumba ikitoa chakula chake, sisi watoto na bibi tulizunguka sinia moja tukipigana vikumbo. Bibi alisema anayekula peke yake ama ni mgonjwa ama ni mchawi.

Basi mjomba akaja likizo kuomba baraka. Nyumbani kwetu mzazi hubariki kwa maji yaliyotiwa unga kidogo, anamnyunyizia mtoto aliyepiga magoti. Bila hayo, mjomba alisema, hatasimama mbele ya askofu. Akapiga magoti pale mlangoni. Bibi akaendelea kupepeta mchele.

"Maji hayapo," akasema. Mtungi ulikuwa pembeni yake, umejaa.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimekuona umekufa na kijiko mkononi."

Mjomba alibaki palepale mpaka kuku wakaingia kulala. Niliogopa mno. Sikuwahi kumwona mtu mzima akinyimwa kitu na mama yake.

Jumapili ikafika, kanda mpya ikawekwa. Nani anatokea? Yule yule marehemu wetu, safari hii ni askofu, mnene, anacheka! Ukumbi ukalipuka. "Si tulimwombea huyu!" Katekista aibu tupu: "Ni maigizo, jamani, hakufa." Watu wakageuka kumcheka bibi na jogoo wake mpaka wakashika mbavu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi akainuka kigodani. Akanishika mkono, tukatoka, moja kwa moja mpaka barazani kwa paroko.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele, amina. Mama, nisamehe, ilinipasa nikwambie mapema."

"Hilo tuliache. Jana jioni wewe ulikula na nani?"

Paroko akainama. "Peke yangu, mama."

"Na juzi?"

Paroko alivua miwani akaifuta, akaifuta, akaifuta.

"Basi misa yangu haikupotea," bibi akasema.

Jioni ile alipika wali wa mchele mpya na samaki wakavu wa Rukwa, tukaenda na sinia kwa paroko, tukala naye. Baadaye akina mama wa jumuiya wakaanza kupokezana, hata wale waliocheka. Kisha bibi akamwita mjomba. "Niahidi. Popote watakapokupeleka, usile peke yako. Ukikosa mtu, ita mpita njia." Mjomba akaahidi. Bibi akachota maji mtungini, akatia unga, akamnyunyizia huku analia, na sote tukalia.

Bibi hayupo tena. Ukumbi umebomolewa, na zile kanda hakuna anayejua zilikokwenda. Siku hizi hapa kwangu Shanwe kila mmoja ana sahani yake na simu yake, tunakula kama abiria waliokutana stendi. Inaniuma, lakini na mimi yangu iko mkononi.

Mwezi uliopita tulimzika mjomba, mbali, kwenye parokia alikozeekea. Baada ya mazishi mpishi wake alinivuta kando. "Baba alitutesa kwa kitu kimoja tu," akasema. "Chakula kikiwa tayari, anatoka kwanza barabarani kutafuta mtu. Bodaboda, muuza mkaa, yeyote. Siku aliyofariki alikuwa mezani na mlinzi. Mlinzi ndiye aliyemshika asianguke."

Ndiyo maana juzi nilikuwa natafuta gari la Mamba. Nilifika mchana, nikang'oa majani kwenye kaburi la bibi, nikakaa chini.

"Bibi," nikamwambia, "alikuwa na mtu."