Nilipofungua Mdomo Kwenye Jaribio la Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara aliniambia nitie mikono mfukoni na nifunge mdomo. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananifundisha jaribio la kimya. Unawakalisha watu wasioujua mchezo, unawapa ubao, kete, dadu na kadi ya sheria, kisha unatazama. Wakikwama huwasaidii, unaandika tu pale walipokwama, kwa sababu mbunifu hauzwi pamoja na boksi.

Nilifundisha kubuni michezo ya mezani katika chuo kimoja huku ughaibuni, Harrow, mpaka nikastaafu. Vijana wengi niliwagombeza kwa kuvunja sheria hiyo, wengine wakatoka darasani wanalia. Leo nikiukumbuka ukali wangu huo napandwa na hasira.

Mwaka wa mwisho niliongoza kikundi cha wanafunzi wanne. Mchezo wao ulikuwa wa wachuuzi wanaosafirisha mizigo kutoka Wembley hadi mtoni. Zuhura, binti wa Kizanzibari aliyezaliwa hapa hapa, ndiye aliyeandika kadi ya sheria, na ilimtia wasiwasi.

"Mwalimu, kete mbili zikikutana kwenye nyumba moja ya ubao, card haisemi ipi inatoka. Tuongeze, please."

"Jaribio litatuambia," nikamjibu. "Ndiyo kazi yake."

Jaribio lilifanyika mbele ya Mkuu wa Idara. Wageni wetu walikuwa kina mama wawili wa Kihindi kutoka Stanmore, wazaliwa wa Tanga, wakubwa kwangu kwa miaka mingi. Niliwapa shikamoo, wakaitikia. Haukupita muda, kete zao zikakutana. Wakaigeuza kadi mbele na nyuma, hadi mmoja akaniinulia uso uliojaa haya.

"Mwanangu, hapa tunafanyaje? Au sisi ndiyo wajinga?"

Kwa nilivyolelewa, mama wa watu haachwi aaibike mezani kwako. Nikamwambia, "Hapana mama, aliyetangulia kufika anarudi nyumba tatu." Wakacheka, wakaendelea. Mkuu wa Idara, asiyejua Kiswahili, alidhani tunajuliana hali. Akaandika kwamba kadi imepita. Zuhura alikuwa ameelewa kila neno, lakini angeanzaje kumsahihisha mwalimu wake mbele ya wageni? Mimi nikajiambia nitarekebisha kabla ya kuchapisha, nikasahau.

Kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, kila meza ilikwama pale pale. Mkuu wa Idara aliona haya mbele ya wageni wake, akaitisha kikao.

"Kadi niliyoipitisha mimi ilichezeka," alisema akimnyooshea Zuhura kidole. "Huyu ameibadilisha baadaye. Huo ni udanganyifu."

"I didn't change anything," Zuhura akasema. "Ask Mwalimu."

Wote wakanigeukia. Kadi ya siku ile ilikuwa kwenye begi langu, chini ya kiti. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja nistaafu. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Wakamfukuza kwenye kozi. Nina hasira na Mkuu wa Idara aliyetafuta wa kubebeshwa lawama, tena akamchagua mdogo kuliko wote. Lakini yeye hakujua ukweli. Mimi niliujua, na hasira ya kweli ni hiyo.

Wiki tatu baadaye nilimpelekea Mkuu wa Idara kadi ile ofisini, nikamweleza yote. Aliisoma, akanirudishia.

"Faili limefungwa," alisema. "Na wewe unaondoka. Nenda kapumzike."

Siku ya kuniaga walinikatia keki. Alisimama akasema sijawahi kumtupa mwanafunzi, wakapiga makofi, nami nikaila ile keki.

Mwezi uliopita nilimkuta Zuhura akiuza skafu karibu na uwanja wa Wembley. Alinipa shikamoo yake kama zamani. Nikaanza kumweleza kuhusu kadi, kuhusu faili, kuhusu mwezi ule mmoja. Alinisikiliza huku akikunja skafu, moja baada ya nyingine, mpaka nikamaliza.

"Wale kina mama uliwajibu hapo hapo," akasema. Kisha akaniomba nisogee kidogo, kuna mteja nyuma yangu.