Bima ya Kifo cha Mbwa

Niliacha shule darasa la nne, na leo hapa Newala ukiuliza nyumba ya bati la msauzi, lile la gharama, yenye pikapu mlangoni, utaletwa kwangu. Sikurithi kitu. Mkorosho wa kwanza niliupanda kwa mkono huu, ikafuata mingine mpaka nikaacha kuihesabu. Nayasema haya ijulikane kwamba kuchagua kitu si kazi inayonishinda.

Nilikuwa na mbwa jike, mwekundu, mlinzi wa shamba msimu wa kuokota korosho. Wezi wote walimfahamu. Mwaka juzi akapita wakala wa bima kutoka Masasi, anakatia watu bima za ng'ombe na mbuzi. Nikamwuliza kama mbwa naye anaingia. Akasema anaingia, mradi awe na kadi ya chanjo ya kichaa. Kadi ninayo.

Akaweka karatasi mbili mezani.

"Hii, mzee, ni ya matibabu. Akiugua, tunalipa daktari na dawa. Hii nyingine ni ya kifo. Akifa, unapata fidia."

"Ipi kubwa?"

"Ya kifo ndiyo inalipa zaidi."

"Basi hiyo."

Mama watoto alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa. "Baba watoto, mbwa anakula vizuri, wewe unapanga bei ya mzoga wake?"

"Mtu mkubwa hachukui karatasi ndogo."

"Haya, mkubwa."

Nikatia sahihi, nikaenda kuionyesha kijiweni kwenye kahawa. Hapo ndipo nilipokosea. Huku kwetu mtu aliyetoka chini akapata mali huulizwa amemtoa nani kafara. Sasa mimi mwenyewe nimepeleka kijiweni karatasi yenye muhuri inayosema mnyama wangu akifa, napata fedha. Kabla jua halijazama maneno yalishafika Kitangari.

Wakati wa kupulizia mikorosho, mbwa akalamba dawa iliyovuja kwenye pampu. Nilimkuta amelala, udenda unamtoka, miguu inatetemeka. Nikampigia wakala.

"Pole, mzee. Matibabu hayamo kwenye mkataba wako. Akifa nijulishe, na umpige picha kabla hujamzika."

Jirani yangu, mtu mzima kunizidi, alikuwa amesimama mpakani mwa mashamba yetu, anatazama.

"Shikamoo."

"Marahaba, tajiri. Naona mavuno yamewahi mwaka huu."

"Mzee, mbwa anaumwa."

"Si naona? Hata ile nyumba tuliiona ikipanda."

Bwana mifugo wetu alikuwa Tandahimba kwenye chanjo, kwa hiyo tulimpakia mbwa kwenye pikapu, mama watoto akamshika kichwa, tukashuka Masasi. Njiani mama watoto akaniambia:

"Akifia humu, ile fidia siitaki nyumbani kwangu."

"Hatutaichukua."

"Basi kanyaga."

Daktari wa mifugo alimchoma sindano, akamwosha mdomo, akasema tusubiri. Tulikaa kwenye benchi tangu adhuhuri. Gharama haikunisumbua, uwezo ninao. Niliwaza kwamba akifa, kila mkorosho nilioupanda utaitwa wa kafara, na hakuna ofisi inayotoa cheti cha kukanusha. Nilitazama mbavu zake. Zilipanda, zikashuka, zikakawia, zikapanda tena. Alasiri miguu ikatulia. Akainua kichwa akanywa maji, kidogo.

Nikamwacha na mama watoto, nikaenda ofisini kwa wakala anibadilishie ile karatasi.

"Leo haiwezekani, mzee. Mgonjwa hakatiwi bima ya matibabu. Nitakuja nimwone akiwa mzima."

Alikuja baada ya wiki mbili. Niliwaita watu wa kijiweni, na jirani naye nikamfuata mwenyewe, kwa sababu nililolitangaza mbele za watu sikutaka kulibadilisha kwa kujificha. Mbwa alipomwona wakala hakungoja salamu. Alimfukuza kuzunguka nyumba mpaka mtu wa watu akarukia nyuma ya pikapu. Akabaki huko huko juu, akafungua mkoba, akaanza kujaza karatasi ya matibabu huku mbwa anambwekea tairini.

"Hali ya mnyama," akasoma. Akaandika: mzima.

"Ongeza na mkali," jirani akasema.

Wakala akaongeza.