Mluzi Usioitikiwa

Mwanamke huyu alikuwa na mluzi mtamu, na mluzi huo ndio uliowaua ndege saba.

Hakukusudia. Kabla mradi haujamwajiri kulea vifaranga pembezoni mwa msitu, alikuwa mpishi wa bweni la shule kwa miaka kumi na tisa, na mpishi hapakui bila kutangaza. Vifaranga hao walikuwa wa ndege ambaye msitu mzima haukubakiwa naye hata arobaini: mdogo kuliko njiwa, kifua rangi ya kutu, mkia usiotulia. Mayai yalitiwa joto mashineni hadi yakaanguliwa, naye akawalisha funza kwa kibano kila nusu saa, akipiga mluzi uleule kila alipofungua mlango wa banda la wavu. Walipokomaa, kumi na mmoja wakaachiliwa. Haikupita miezi miwili, saba wakawa wamekwisha. Watega ndege hawakuhitaji mitego. Walipita tu na vikapu mgongoni wakipiga miluzi, kama apigavyo mtu yeyote njiani, na ndege wakawashukia mikononi. Pete ya mguuni ya mmoja wa ndege hao aliiona kwa macho yake sokoni, ikining'inia kwenye funguo za muuza mbao.

Ripoti ya mradi ilisema "vifo vya kawaida". Alikwenda ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Andikeni mluzi wangu," alisema.

Hawakuandika. Mwenye kosa alikuwa radhi kulibeba. Wenye ofisi ndio walioogopa uzito wake.

Wa nane alirudi na askari wa msitu, amemkalia begani, akimdonoa sikio akidai chakula. Wakamwita Mlafi, wakamrudisha bandani. Watatu waliosalia hawakuonekana tena.

Mwaka uliofuata waliletwa vifaranga wanane wapya, na mama huyu akabadili kila kitu. Aliwalisha kupitia tundu la ubao, bila kuonesha uso, bila kutoa sauti, mkono ameuvika soksi iliyoshonwa kichwa cha ndege. Kisha, mara mbili kwa siku, aliingia bandani uso wazi, akapiga mluzi wake mtamu, na papo hapo akalitwanga debe tupu kwa mwiko wa chuma aliotoka nao jikoni mwa shule. Miezi mitano mfululizo. Mtaani wakaanza kumwita Mama Debe.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyeshona ile soksi, alimcheka hadi akajichoma kidole kwa sindano.

"Mdogo wangu, hebu nieleweshe. Wanao umewalea wakupende, hata simu hawapigi. Sasa unalea ndege wakuchukie?"

"Wakinichukia mimi, dada, watamchukia na yule mwenye kikapu."

"Haya. Lakini mkia sishoni. Kwa kazi hiyo kichwa kinatosha."

Wale wanane waliusikia mluzi wakajipigiza juu kwenye kona ya mbali. Mlafi ndiye aliyekuwa mwiba. Aliruka, akatua, akayumba, kisha njaa ya zamani ikamrudisha. Na wadogo walimwiga yeye kwa kila jambo: alipooga, walioga, alipofukua majani, walifukua.

Siku tatu kabla ya kuwaachilia, mkurugenzi alikuja bandani. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, viatu vyake havijawahi kuuona msitu.

"Mama, Alhamisi wageni wanataka kuona ndege akitua mkononi. Utapiga ule mluzi wako, Mlafi atashuka kwangu, tupige picha, basi."

"Bosi, Mlafi akija, wale wanane watamfuata. Tutakuwa tumewafundisha kufa."

"Ni siku moja tu, mama. Watu hawalindi kitu wasichokigusa."

"Wale saba waliguswa, bosi."

Kijana akatazama saa yake. "Na lile debe lako nisilione."

"Debe hutaliona," alijibu, na neno lake halikuvunjika.

Jumatano jioni alijaribu mara ya mwisho. Mluzi, debe. Wanane wakapotea darini. Mlafi akatetemeka, akafikiri, kisha akashuka akatua juu ya mwiko wenyewe.

"Huyu," alisema askari wa msitu, "hata ukimfyatulia bunduki atauliza kama ina funza."

Mama Debe hakucheka. Alilala na hesabu moja kichwani: mmoja akishuka, tisa wamekwenda.

Alhamisi asubuhi viti vilipangwa mbele ya banda. Wageni walikunywa chai wakila mandazi, yakipitishwa kwenye sinia la bati. Mkurugenzi alihutubia, kisha akanyoosha kiganja chenye funza watatu, kama anayengoja kupewa mwana. Askari akafungua mlango wa wavu.

"Mama, mwite."

Akapiga mluzi. Kamili, mtamu, kama wa mwaka jana. Wanane walichomoka kama mawe ya kombeo, wakapita juu ya vichwa vya wageni, wakazama msituni. Mlafi akabaki juu ya mwimo wa mlango. Alikitazama kiganja. Akainamisha kichwa. Akashuka hadi mgongoni mwa kiti cha mbele.

"Tena, mama, taratibu," mkurugenzi alinong'ona, tabasamu limeganda kwa ajili ya kamera. "Anakuja."

Akapiga tena, kwa pumzi zote alizokuwa nazo. Kisha akalinyakua sinia, mandazi yakamwagika mapajani mwa mgeni mkubwa, akalitwanga kwa mwiko uliokuwa mkononi mwake, akimwendea ndege uso kwa uso huku akipiga kelele: "Toka! Toka, mlafi wewe! Kwetu sisi watu hakuna mwema!"

Mlafi akapaa. Hakugeuka.

Askari akakohoa kuficha kicheko.

"Mama, unajua ulichofanya?" mkurugenzi aliuliza, kiganja bado wazi, funza wakimtembelea vidoleni.

"Najua, mwanangu. Mwaka jana ndio sikujua."

Barua ya onyo ilimfikia Jumatatu. Ilimtaka akiri "utovu wa nidhamu" na kuomba radhi kwa maandishi. Aliisoma mara mbili, akaandika chini yake kwa mwandiko wa mkubwa wa jiko: *Nimesoma. Sikubali. Mandazi naomba radhi.* Wakamtoa bandani, wakampa adhabu ya kuzunguka msituni na askari, kubeba antena ya kusikilizia vifaa vidogo walivyofungwa ndege migongoni.

Mwezi wa tatu tangu waachiliwe, sauti tisa zilikuwa bado zinalia. Lakini kifaa husema tu ndege yuko hai. Hakisemi amejifunza nini. Asubuhi moja walikuwa wamejibanza nyuma ya gogo, sauti ya kifaa cha Mlafi ikilia karibu, mtu akaja njiani na kikapu mgongoni, akipiga mluzi. Mama Debe akamshika askari mkono, kucha zikaingia.

Kichakani ikatoka sauti kavu, ya hasira, tek-tek-tek. Majani yakatikisika yakielekea bondeni. Upande wa pili mwingine akaitikia vilevile, na mwingine. Mtu yule akapita na kikapu chake kitupu.

Alipokwisha kutoweka, mama akakusanya midomo, akapiga mluzi wake mwenyewe. Ile tek-tek ikazidi kwenda mbali.

"Amekutukana," askari alisema.

"Nimemsikia," alijibu, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Inuka, tupite njia nyingine. Tusimkaribie."