Turubai la Baba Mnadani

Enzi zetu neno ujasiriamali hatukulijua. Mtu alikuwa fundi, au mchuuzi, au mvivu, basi. Mimi nilikuwa binti wa fundi wa makatambuga, vile viatu vya matairi. Kila siku ya mnada wa Karatu tulitoka kijijini kwetu Daa alfajiri kwa miguu, baba kabeba gunia la viatu, mimi turubai na kidumu cha maji. Maji hayakuwa ya kunywa. Kisu kikilowa ndipo kinapita vizuri kwenye tairi, na matairi yetu yalikuwa yamebeba watalii kupanda na kushuka Kreta, lile bonde la wanyama, hadi yakachoka.

Mnadani palinukia nyama choma, ugoro na mbuzi. Wenzangu wakicheza rede nyuma ya vibanda, mimi nilikaa na baba kwenye turubai moja, viwiko vikigusana. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Mteja akija, baba alimwomba atembee hatua chache, kisha akatazama alama za nyayo kwenye vumbi jekundu.

"Tazama miguu," aliniambia. "Usoni kila mtu anasema kiatu ni ghali."

Nikajua kusoma nyayo kabla sijajua kusoma vizuri kitabu cha shule. Nilimjua anayelalia kisigino, anayeburuta kidole gumba, na anayetembea kama kachelewa mazishi.

Jozi yangu ya kwanza niliikata yote ya mguu wa kushoto. Baba hakunichapa. Alivitundika mbele yetu, na siku nzima wapita njia wakawa wanauliza huyo mwenye kushoto mbili anakaa kijiji gani. Nililia hadi makamasi. Sijakosea upande tena.

Nilipomaliza darasa la saba, alikuja mzee wa Kimaasai kutoka Loliondo, mguu mmoja umepinda kwa kukanyagwa na ng'ombe. Baba alifuta kisu, akanikabidhi. Huyu ni wako, akasema. Niliongeza unene upande mmoja na kusogeza mkanda kidogo nje. Mzee alivaa, akaondoka bila kusifu wala kulaumu. Nikamuuliza baba kama sasa nimekuwa fundi.

"Kuuza mara moja ni bahati," akajibu. "Tungoje kama atarudi."

Nikangoja minada mingi. Kila shuka jekundu likipita, nilitazama chini. Nilimtaka mzee yule kuliko nilivyoitaka Krismasi. Halafu siku moja, baada ya mvua kuisha, niliona unyayo mmoja umenyooka na mwingine umelalia nje, na nilipoinua macho, ni yeye. Vile viatu vilikuwa vimelika sawasawa.

"Binti," akasema, "nitengenezee vingine kama hivi."

Nilimgeukia baba meno yote nje. Alisubiri mzee aondoke, kisha akatoa guniani turubai jipya ambalo sikujua kama analo, akaenda kulitandika ng'ambo ya njia ya ng'ombe.

"Hamia kule," akasema. "Ukikaa hapa watakuita mtoto wa fundi hadi uzeeke."

Nilihama. Kati yetu wakapita ng'ombe na vumbi lao hadi jioni. Hatukukaa tena turubai moja maishani.

Vijana wa siku hizi wanafundishwa ujasiriamali siku tatu ukumbini, kwa chai na sambusa, wanarudi na cheti na fulana, na Jumatatu wanajiita wakurugenzi. Nawatania, lakini nawaonea wivu wanavyopiga picha wamebanana mabega. Mimi wateja wangu hutuma namba ya kiatu kwa simu. Lami imefika hadi mlangoni, hakuna anayeniachia unyayo. Nina kibanda cha bati chenye jina langu, na ndani yake niko peke yangu kuanzia asubuhi.

Baba tulimzika Daa. Watu husema alinifundisha vizuri, na ni kweli. Ila siku nyingine nikishika kisu, kibanda kimya, nawaza kwamba ningejua kufaulu maana yake ni kuhamishwa, ningeacha msumari mmoja uchomoze kwenye viatu vya yule mzee, ili asirudi kamwe.