Msusi wa Lwanda Chwo

Kisegi nzima ilijua kwamba mwanamke hapandi Lwanda Chwo. Aliyeipitisha sheria hiyo hajulikani. Jina ni la Kijaluo, maana yake mwamba wa wanaume, na mwamba wenyewe umesimama peke yake nyuma ya soko, umejitenga na vilima vya Gwassi kama mtu aliyegombana na ndugu zake. Hauna njia ya mguu, upande wowote. Na kule juu, eti kuna kiti cha mababu, na mke wa mtu akikitia jicho tu, mumewe hamalizi mwaka.

Sasa Risper Akeyo alikuwa mke wa mtu, na alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ataupanda.

Huyu Risper hakuzaliwa Kisegi. Ni wa Awendo, ndiyo maana ukweni wanamwita nyar Awendo, binti wa Awendo, na huko kwao mtoto asiyejua kupanda lori la miwa hali miwa. Lori likipunguza mwendo kwenye kona ya matope, yeye alikuwa juu ya mzigo kabla dereva hajabadilisha gia, anachomoa miwa na kuwatupia wavulana waliokuwa wakikimbia nyuma. Walikula miwa yake mpaka wakashiba, kisha wakaenda kumshtaki kwa mama yake kwamba anapanda kama mwanamume. Alichapwa. Kesho yake akapanda tena.

Aliolewa na Ken, fundi wa mashua, mtu mpole ambaye hukuti neno baya kinywani mwake. Risper akafungua kibanda cha kusuka nywele sokoni. Mwaka wa kwanza upepo wa ziwani ukang'oa bati la nyumba yao, mvua ikaingia hadi kitandani, na Ken alikuwa visiwani akiziba mashua za watu. Risper akachukua nyundo, akapanda juu ya paa, akaligongomea bati mahali pake. Kumbe amevunja mwiko. Kwa Wajaluo mke hapandi paa la mumewe. Ni kama kumkalia kichwani, na huleta chira, ule mkosi unaoutafuna ukoo polepole.

Mama mkwe wake, Bathsheba, alimkuta juu na misumari mdomoni. Akaweka ndoo yake ya maji chini, akalia kama aliyefiwa. Na alikuwa na lake la kumliza. Alipokuwa bibi harusi mbichi, mbuzi wake alipotelea kwenye Lwanda Chwo, naye akamfuata hadi ukingo wa kwanza, pale chini kabisa, akamshika na kushuka naye. Mwaka haukuisha, mumewe akazama ziwani. Hakuna aliyemwambia kitu usoni, lakini mgongoni alisemwa mpaka nywele zikawa mvi. Mwadventista safi, Sabato haimpiti, na bado chira aliiogopa kuliko shetani.

Ken alipopata malaria msimu uliofuata, kila mtu alijua imetoka wapi. Ken akameza dawa, akapona. Lakini hakuna aliyepita kusema kwamba chira nayo imepona.

Kisha wakaja wageni kutoka Nairobi, watu wa kupanda miamba, wakafundisha vijana wa Kisegi ili nao waje kuwaongoza watalii. Risper alienda kuwabebea mizigo. Mwalimu mmoja wa kike akamfunga mkanda kiunoni, akamwambia ajaribu, na hapo ndipo watu walipojua vidole vya msusi ni kitu gani. Mtu anayesuka kichwa kigumu toka asubuhi hadi jioni, ufa wa jiwe utamshinda nini? Wageni walipoondoka waliacha kamba, mikanda na vyuma vya kubana kwenye nyufa. Vijana wakaunda kikundi, na Stanley akawa mwenyekiti.

Stanley alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kufika juu ya Lwanda Chwo. Alisema mwenyewe. Aliupanda ujanani, bila kamba, akakiona kile kiti kwa macho yake, na kando yake akachonga jina lake kwa patasi. Hadithi hiyo aliisimulia harusini na matangani, na kila mwaka mwamba uliongezeka urefu.

"Shemeji, kazi ni nyingi," alimwambia Risper kwenye mkutano. "Wewe utawapikia wageni."

"Nitapika siku utakayosuka wewe," Risper akajibu.

Watu wakacheka, Stanley akanuna. Bathsheba, aliyekuwa amekuja kumchunga mkaza mwanawe, akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, mama."

Basi Stanley akaona njia ya kulimaliza jambo. Apande Lwanda Chwo, mara moja tu. Akifika juu, awe mpandaji kama wengine. Akishuka kabla ya kufika, arudishe mkanda na asiguse kamba tena maisha yake yote. Risper akasema sawa, haraka hivyo, na njia nzima ya kurudi nyumbani akajiuliza amefanya nini. Kupanda ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakupewa na mtu, na sasa alikuwa amekiweka rehani mbele ya kijiji.

Vijana wa kikundi wakakataa kumshikia kamba kutoka chini ili asianguke, ati mwanamume hashiki kamba ya mke wa mwenzake. Ken alitaka kushika, lakini hakujua, na mama yake alimkataza hata kusimama chini ya ule mwamba. Aliyekubali ni Ryoba, Mkuria anayenunua mbuzi Kisegi na kuwapeleka mnadani Ogwedhi. Alikuwa amejifunza kwa wageni, maana mbuzi wakikwama magengeni yeye ndiye huteremka kuwatoa. "Kwetu ni mbali," alisema. "Chira yenu hainijui."

Ikawa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi Bathsheba yuko kanisani naye alitaka kuwepo. Soko lote lilihamia chini ya mwamba. Ken alikuja pia, akasimama pale pale alipokatazwa, ameshika viatu vya mkewe.

Risper akajifunga, akaingia kwenye ufa uliopanda mwambani. Anachomeka mkono, anakunja ngumi ndani, anajivuta. Akipata pembe nzuri anabana chuma, anapitisha kamba, anaendelea. Ukingo wa mbuzi wa Bathsheba aliupita bila kuutazama. Juu zaidi jiwe likafura kama tumbo, ufa ukawa mwembamba, na akiwa ananyoosha mkono mguu ukamteleza. Akaanguka. Kile chuma cha mwisho kikamdaka, akapigwa na mwamba, goti likachanika.

Chini pakazuka kelele, na juu ya kelele zote sauti ya Bathsheba. "Suka! Suka, nyar Awendo!"

Mama alikuwa akimwambia ashuke. Ulimi wa wazee wa pale na *sh* hawapatani, na kila mtu alielewa. Hata Risper alielewa, akining'inia pale na damu ikimtiririka hadi unyayoni. "Mama," akasema, "leo sijafungua kibanda."

Bathsheba akaona huyu hasikii. Akamgeukia Ryoba. "We mwanaume, msuse! Msuse sasa hivi!"

Na hapo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Ryoba. Angelegeza kamba, Risper angeteremshwa chini kama gunia, na mambo yangeishia hapo. Ryoba akamtazama mama kwa adabu zote.

"Nimsuse kwa nini, mama? Huyu hajanikosea."

Mpaka leo anaapa kwamba hakuelewa, kwamba kususa anakokujua yeye ni kumnunia mtu. Haya. Mtu aliyenunua mbuzi Kisegi miaka yote hiyo bila kupunjwa, leo ndiyo asielewe *s* ya Wajaluo. Huku mama anatafuta neno lingine, Ryoba akaikaza kamba ikakazika.

Risper aliogopa. Asikudanganye mtu, aliogopa sana, na ile hofu ndiyo iliyomkasirisha. Akarudi kwenye ule ufa mwembamba, akaupapasa kwa ncha za vidole kama anavyotafuta mstari kwenye nywele zilizosokotana, akapata pa kidole kimoja, kisha viwili. Akajivuta. Tumbo la mwamba likambana kifua, akapumua, akajivuta tena. Mkono ukashika nyasi. Kisha chini hawakumwona tena.

Juu ya Lwanda Chwo si pakubwa, labda zizi la ng'ombe wachache. Risper akazungusha kamba kwenye jiwe kubwa, akaijaribu, kisha akatembea huku akichechemea. Aliona nyasi kavu, mavi ya tai, na mfupa wa samaki ambaye tai walimleta. Akazunguka mara ya pili, taratibu, akiinama. Akapangusa mawe kwa kiganja. Ukungu uotao juu ya mawe ulikuwa mzima kila mahali, haujakwaruzwa na chochote tangu Mungu aumbe. Ndipo alipoketi na kucheka peke yake, na machozi nayo yakaja.

Akasogea ukingoni.

"Nimefika," akasema. "Mama, huku hakuna kiti. Hakujawahi kuwa na kiti. Na wewe Stanley, jina lako uliliandika upande gani? Nimezunguka kote silioni."

Watu wakamgeukia mwenyekiti. Stanley akakohoa. "Mvua," akasema. "Ni zamani. Mvua imelifuta."

"Mvua ifute patasi," Ryoba akasema, bila kuiachia kamba.

Bathsheba hakuwatazama. Alikuwa akitazama ule ukingo wa chini, ukingo wa mbuzi, ambao mtoto angeweza kuufikia. Aliutazama muda mrefu.

Kisha akafungua leso, akaifunga upya kiunoni, akaikaza. Akaenda kwenye vifaa vya kikundi, akaokota mkanda mmoja, akaubeba hadi alipokuwa Stanley na kumwekea mikononi.

"Panda," akasema. "Panda ukamwonyese."